Dola Themanini na Nne za Maalim Nyange

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Maalim Nyange ametia mkono kwenye dirisha la malipo la meli ya watalii Nyota ya Matumbawe, amemkamata tai Bwana Shaame, karani mkuu wa fedha, na meli imetia nanga mbele ya Mkoani. Wasomaji watatu wamenisimamisha njiani kuniuliza kama alimnyonga. Hakumnyonga. Punguzeni pupa.

"Tai yangu, Mzee," alisema Bwana Shaame.

"Naiona."

"Naomba uiachie."

"Nikiiachia utafunga dirisha."

"Ndiyo, nitalifunga. Saa ya chai imefika."

"Basi siiachi."

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyefungiwa maandazi kwa gazeti hilo kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi. Maalim Nyange anasomesha chuo cha Kurani Gombani. Leo Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, binti yake Tatu anaolewa na Msellem, fundi baiskeli wa Ole, kijana ambaye hana kitu isipokuwa spana zake na mapenzi ya Tatu. Baba ndiye walii, msimamizi wa ndoa, na bila walii hakuna ndoa.

Mdogo wake Maalim, jina lake Mmanga, anataka Tatu aolewe na Ngwali mwenye malori. Ameshasema mbele ya watu kwamba kaka yake asipotokea alasiri, wageni wataambiwa walii kaghairi, na yeye, kwa niaba ya kaka yake, ataipokea posa ya Ngwali papo hapo, maadamu pilau lishapikwa.

Sasa, Maalim alikuwa Unguja kununua shela. Boti ya abiria ikaharibika. Nahodha wa meli ya watalii akamchukua bila nauli, kwa sharti awasimulie wageni habari za mikarafuu na mchezo wa ng'ombe. Akasimulia. Wageni wakapiga makofi. Lakini chai aliyokunywa, kanzu aliyopigiwa pasi, na simu ya setilaiti aliyopiga dukani Gombani kusema yuko njiani, vyote viliingia kwenye kadi aliyopewa, tena kwa dola. Jumla, dola themanini na nne. Sitini kati ya hizo ni simu, na nusu ya simu ni salamu, kwa sababu aliyepokea alikuwa mtu mzima na Maalim asingeweza kumrukia na habari kabla ya kumuuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, na ya mguu wake.

Mfukoni Maalim ana shilingi elfu sabini. Siku hiyo Mkoani, dola moja ni shilingi mia nane. Kwa bei hiyo analipa na anabakiwa na ya soda. Lakini bango la melini linasema meli inauza dola moja kwa elfu moja na hamsini na kuinunua kwa mia sita, na kwa bei ya kuuziwa hafikii. Asiyemaliza hesabu hashuki, na kitambulisho chake kimo kwenye droo ya Bwana Shaame.

Bwana Shaame mwenyewe alishachoka, akasema, "Haya Mzee, mia nane, mradi ushuke." Alipoiingiza bei hiyo kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa. Hapo ndipo akanyoosha mkono kufunga dirisha, na hapo ndipo tai ikakamatwa.

Tuendelee.

"Sikiliza, yakhe," alisema Maalim. "Miye sikatai deni. Deni la dola hulipika kwa shilingi, hilo halina neno. Ila liwe kwa bei ya siku ya kulipa, na tusiachane na kitu baina yetu. Weye ushasema mia nane, na miye nishakubali. Tumo katika majlisi moja, kikao kimoja. Tukiachana kabla hujapokea, kisharia biashara imeharibika."

"Bei ya meli imewekwa na makao makuu, mwanzo wa mwezi."

"Basi hiyo ni bei ya mwanzo wa mwezi. Leo si mwanzo wa mwezi."

Bwana Shaame alifanya jambo ambalo Maalim hakulitarajia. Alilegeza fundo, akaitoa shingo yake ndani ya tai, akafunga dirisha na kutokea mlango wa nyuma.

Maalim alibaki na tai.

Mtu mwingine angekaa pale akalia. Maalim alizunguka ukumbi mbio mbio, kanzu ameishika mkononi, akamkuta Bwana Shaame anatoka kwenye ujia. Akampa tai yake, kwa kuwa si mali yake. Kisha akamfuata.

Bwana Shaame alikwenda mkahawani. Maalim akakaa meza ile ile, na safari hii hakuagiza kitu. Bwana Shaame akashuka chumba cha mitambo kwenda kumuuliza injinia jambo ambalo hakuwa na haja nalo. Maalim akasimama kwenye joto, jasho linamtiririka, akamsalimu injinia. Bwana Shaame akaingia chooni akafunga mlango. Watalii wawili walipopanga foleni, Maalim aliwaeleza kwa Kiingereza chake kifupi kwamba mambo ndani bado yanaendelea.

"Mzee Nyange," ilisema sauti ya Bwana Shaame kutoka ndani. "Nipe hizo elfu sabini. Iliyobaki utaniletea siku nyengine."

"Tutaachana na kitu baina yetu."

"Basi iliyobaki nimekusamehe!"

"Mali ya kampuni. Weye utaisameheje?"

Maji yakamwagwa, kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Nakuomba msomaji usimcheke sana Maalim. Bandari alikuwa akiiona dirishani, mapaa ya mabati na miti yake. Nyuma ya miti ile ilikuwepo barabara ya kwenda Chake, na mwisho wa barabara alikuwepo binti yake, amekaa kitandani na hina mbichi mikononi, anasikiliza kila gari linalopita. Maalim aliyajua hayo yote. Yalimuuma. Lakini alikuwa mtu wa namna hiyo, na watu wa namna hiyo hawabadiliki kwa kuwa tu meli inaondoka adhuhuri.

Hapo alipita Bi Mwatum na tenga la mashuka. Bi Mwatum ni dobi wa meli, mjane, mzaliwa wa Ole, na kila mtu humwita Bi, hata nahodha asiyejua maana yake.

"Maalim! Wafanya n'ni mlangoni kwa watu?"

Maalim akamweleza. Bi Mwatum akaweka tenga chini.

"Subhanallah. Kwa ajili ya dola? Miye enzi zile nikiisikia tu dola hutaka kukimbia. Mjomba wangu alikutwa na noti moja ya kigeni chini ya mkeka, askari wakenda naye, akarudi kakonda kanzu haimkai. Leo nyie mwashikana mashati kwa ajili yake mchana kweupe."

"Hatushikani mashati, Bi Mwatum. Tai tu, nayo nishamrejeshea."

"Na Tatu je?"

Maalim akatazama mlango wa choo, macho yakamjaa maji, naye hakuyafuta.

Bi Mwatum akagonga mlango. "Shaame! Toka. Wageni wanaoishia hapa wanashuka, na weye ndiye wa kuwahakiki ngazini."

Hilo lilikuwa kweli. Bwana Shaame akatoka, amevaa tai upya, akaenda kwenye ngazi ya kushukia abiria. Maalim hatua moja nyuma yake.

Pale ngazini alikuwepo mama mmoja wa Kijerumani, mrefu, kikapu mkononi, ambaye safari yake ya meli iliishia Mkoani. Alikuwa analalamika. Anataka kwenda sokoni Mkoani kununua karafuu na vikoi, ana dola, wauzaji wanataka shilingi, na kwa mia sita ya meli hataki kuzibadilisha kwa sababu anajua kusoma bango.

Bi Mwatum alimtazama yule mama. Akamtazama Maalim. Akamtazama tena yule mama.

"Maalim," alisema, "kwani vino vichwa vyenu vyote hivi vyafanya n'ni?"

Yule mama alikuwa na dola anataka shilingi. Maalim alikuwa na shilingi anataka dola. Bango pembeni lilisema abiria hawaruhusiwi kubadilishana fedha melini. Maalim akalisoma bango, akashuka kidato kimoja cha ngazi iliyoning'inia nje, akamuuliza Bwana Shaame kama pale ni melini.

Bwana Shaame alifikiri. Akageuza uso akatazama baharini, upande ambao hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Mimi sioni ngazi," alisema.

Biashara ikafanyika, mkono unatoa na mkono unapokea. Dola themanini na nne kwa bei ya mia nane. Noti ya hamsini, ya ishirini, ya kumi, na nne za moja moja. Yule mama akahesabu shilingi zake, akacheka, akampa Maalim mkono. Maalim akautazama ule mkono, akaweka wake kifuani, akainama kidogo. Mama naye akaweka wake kifuani. Boti ndogo ikamchukua pamoja na wenzake, ikaenda gatini.

Maalim angeweza kupanda boti ile. Hakupanda. Alikuwa bado hajalipa.

"Twende dirishani," alimwambia Bwana Shaame, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Bwana Shaame alifungua dirisha kwa furaha ya kweli. Akapokea ishirini. Akapokea kumi. Akapokea nne za moja moja. Akaichukua hamsini, akainua kwenye taa, na tabasamu lake likaondoka polepole.

"Mzee. Hii kichwa kidogo."

"Kichwa cha nani?"

"Cha huyu aliyechorwa. Noti za zamani zina kichwa kidogo, mpya zina kichwa kikubwa. Amri imetoka, vichwa vidogo hatupokei. Wanaghushi."

"Hii ya kughushi?"

"Hapana. Hii nzuri kabisa. Ila kichwa kidogo."

Maalim alishika ukingo wa dirisha. Alifanya hesabu na aliifanya sawasawa. Zilizokubaliwa ni thelathini na nne. Iliyokataliwa ni hamsini. Mfukoni zimebaki shilingi elfu mbili na mia nane, na yule mama yuko sokoni ananunua vikoi kwa zilizobaki.

Honi ya meli ikalia. Kutoka chini ya ngazi ikasikika sauti ya Mjaka, mwenye boti ndogo, ambaye alisharudi: "Ya mwisho! Baada ya hii sirudi tena!"

"Mwambie angoje!" alisema Maalim.

"Hangoji," alisema Bwana Shaame. "Nanga inang'olewa." Na nataka nimtendee haki Bwana Shaame: alipapasa mifuko yake yote kwanza. "Mzee wangu, meli inakwenda Mombasa, kisha Shelisheli. Ningekuwa nazo, ningekutolea mfukoni. Wallahi ningekutolea."

Maalim alikaa chini. Si kwenye kiti, kwa sababu hakikuwepo. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, noti mkononi, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe. Akaita jina la binti yake mara moja, kwa sauti ndogo.

Bi Mwatum alikuwa amesimama na tenga lake. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, akaikunjua. Hamsini. Kichwa kikubwa.

"Mshahara wangu," alisema. "Nalitaka kupeleka Ole wakaniezekee nyumba bati. Chukua, nipe hiyo yako."

"Bi Mwatum, hii yangu ina aibu, ina kasoro. Lazima nikwambie."

"Nishasikia aibu yake. Chake kuna wenye duka huipokea kwa kupunguza, nitamtuma mtu."

"Watapunguza. Utapata hasara."

"Hasara yangu mwenyewe. Inuka!"

"Hamsini kwa hamsini yafaa," alisema Maalim akiinuka, "maadamu ni sawa kwa sawa, na tumekabidhiana hapa hapa, na weye umeridhia aibu yake..."

"Nimeridhia! Inuka ukamuozeshe mwanao!"

Akamtia noti kwenye kiganja cha kulia. Maalim akaligeukia dirisha. Bwana Shaame akaipokea, akaipiga jicho kwenye taa, akagonga muhuri mara mbili kwa haraka hata wa pili ukaangukia mezani. Kitambulisho kikatoka kwenye droo. Risiti ikatoka.

"Hatuna kitu baina yetu," alisema Maalim.

"Hatuna," alisema Bwana Shaame. "Nenda, Mzee. Harusi njema."

Wakapeana mikono, na safari hii Maalim aliuachia.

Mimi niliyekuwa nikimkejeli tangu mwanzo nakiri kwamba alivyoshuka ngazi ile, kanzu imefungwa kiunoni, mfuko wa sandarusi wenye shela unapigapiga mgongoni, nilitaka kumpigia makofi. Mjaka alimdaka mkono akamweka kwenye ubao. Mashine ikaguruma. Meli ikaanza kubaki nyuma.

"Wendapi mbio hivyo, Maalim?" aliuliza Mjaka.

"Kuozesha."

"Mabruki."

"Tumuombe Mungu."

Gati lilikuwa linakaribia. Maalim aliweza kuona watu. Aliweza kumwona Msellem mwenyewe, bwana harusi, amekuja na gari ya kuazima, amesimama mwishoni kabisa mwa gati na kilemba chake cha harusi, anapunga mikono yote miwili. Kijana alikuwa anacheka. Maalim naye alicheka. Alinyoosha mkono wa kushoto ashike ukingo wa boti, maana mawimbi ya gatini yalianza kuwayumbisha.

Mkono haukushika. Ulikuwa umefumbwa.

Akautazama kama si wake. Akaufumbua. Ndani yake mlikuwa na noti ya hamsini, imelowa jasho, kichwa kidogo.

Alikuwa amepokea na hakutoa. Kwa haraka ile, kwa honi na kelele, Bi Mwatum alimpa yake na yeye hakumpa yake. Paa la nyumba ya Ole lilikuwa mkononi mwake, na mwenye paa alikuwa anakwenda Shelisheli.

"Mjaka," alisema. "Punguza."

Mjaka akapunguza. "Kuna n'ni?"

Maalim akamweleza kwa maneno machache. Mjaka alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kwa kuwa alisoma chuoni kwake.

"Maalim, utampa akirudi."

"Akirudi lini?"

"Sijui. Baada ya msimu. Au mpe nduguye."

"Nimekula mali ya mtu, Mjaka. Nitakaaje mbele ya watu niseme nakuozesha kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na mkono wangu una haki ya mjane?"

"Maalim, meli ile ishang'oa nanga. Nikigeuza, kukupeleka nitakupeleka. Kukurudisha sikuahidi. Wakipandisha ngazi na weye umo juu, utakwenda Mombasa na karafuu za wageni."

Maalim aliutazama mji. Msellem alikuwa bado anapunga, lakini taratibu zaidi, kwa sababu boti ilikuwa imesimama na yeye hakuelewa kwa nini. Maalim alimpenda kijana yule. Alimpenda Tatu kuliko macho yake mawili. Midomo ilimcheza, na Mjaka anasema alidhani mzee anasoma dua, kumbe alikuwa anamwambia binti yake amsamehe.

"Geuza," alisema Maalim.

Mjaka akageuza.

Na wakati huo huo, pale gatini, gari jeupe lilisimama nyuma ya Msellem. Akashuka Mmanga, kanzu mpya, fimbo mkononi, na nyuma yake wazee wawili wa Gombani aliowaalika makusudi waje kushuhudia kwamba kaka yake hakushuka melini. Alikuja akiwa na wasiwasi, maana njiani alishasikia kwamba boti ndogo inashusha watu. Akaweka kiganja juu ya macho. Akaiona boti. Akauona mgongo wa kaka yake, hatua chache kutoka gatini, unakwenda zake baharini.

Mmanga hakuamini bahati yake. Alingoja kidogo, aone kama itageuka. Haikugeuka.

"Anakwenda wapi?" aliuliza Msellem, mikono imemshuka. "Ami, babake Tatu anakwenda wapi?"

Mmanga akamwekea mkono begani, kwa upole mkubwa, kisha akawageukia wale wazee wawili.

"Mumemwona walii kwa macho yenu," alisema, "na mumeona anakoelekea. Haya, twendeni kwa Tatu."